Mfuniko Uliolazwa Chali

Katika nchi ya Fahamuni watu huongea tangu alfajiri mpaka taa zizimwe. Huongea juu ya mvua, juu ya nyanya, juu ya harusi ya jirani na kuku wa jirani. Kitu kimoja tu hakitamkwi: kile mtu anachokitaka yeye mwenyewe, pamoja na kile asichokitaka. Kukitamka ni kosa linaloitwa kujieleza. Limo katika sheria ukurasa mmoja na kutembea uchi sokoni, ila kutembea uchi kuna adhabu nyepesi zaidi. Sheria mama ya nchi ina maneno mawili: Anayekupenda atajua.

Mwanamke mmoja, Sikudhani Mbaruku, alialikwa huko bila yeye kujua. Nyumbani kwao alikuwa mwalimu wa stadi za maisha katika chuo cha ufundi, na mama wa vijana watatu wa ule umri ambao kijana akiulizwa ana nini hujibu "sina kitu" huku amevimba kama andazi. Siku moja aliletewa chungwa lililomenywa nusu. Hakuona sababu ya kulitupa. Akalimenya lililobaki, akalila. Kwa Wafahamu huo ulikuwa mwaliko na jibu lake: mwalimu amekubali kuja kuona jinsi tunavyowafundisha vijana wetu mahusiano. Wakaja kumchukua wiki hiyo hiyo.

Walimpokea kwa ngoma, wakampa kitanda kizuri, wakamwacha na njaa mpaka jioni ya pili kwa sababu hakuguna. Mgeni mwenye njaa huguna kwa pua. Mgeni aliyeshiba hukaa kimya. Sikudhani alikaa kimya kwa adabu, nao wakamsifu kwa shibe yake.

"Jamani, nina njaa," alisema mwishowe.

Mwenyeji wake, Bi Mwatime, mwanamke mnene mwenye maneno mengi na moyo mzuri, alimziba paka masikio.

"Dada yangu," alinong'ona, "hapa kuna viumbe."

Lakini chakula kilikuja. Kilikuwa samaki wa kukaanga. Mume wa Bi Mwatime, Bwana Sudi, alimsogezea mkewe kipande kikubwa kuliko vyote.

"Huyu na samaki wa kukaanga!" alimwambia mgeni kwa fahari. "Tangu harusi yetu sijaacha kumletea. Mtazame anavyokula kimya. Hiyo ni raha iliyopitiliza."

Bi Mwatime alimtafuna samaki wake akitazama ukuta.

Kesho yake Sikudhani alitembezwa. Hospitalini alimkuta mtu aliyevunjika mguu akiwa ametoka kung'olewa jino, kwa kuwa daktari alikuwa amesoma jinsi alivyokunja uso. Mgonjwa alikohoa mara moja, yaani alishukuru. Kutoka hapo walimpeleka kwenye fahari ya nchi, Chuo cha Ishara, ambako vijana wote, wa kike kwa wa kiume, husomea mambo ya ndoa kabla hawajaiingia. Sikudhani alifurahi kusikia hivyo. Kwao alikuwa amepigania kipindi kimoja tu kwa wiki, na mkuu wa chuo alikitoa kwa mwalimu wa michezo kila siku ambayo mvua haikunyesha.

Furaha yake ilikomea kwenye mlango wa darasa la kwanza. Ndani wasichana walikuwa wanajifunza kununa. Mwalimu wao alipita katikati yao na kijiti, akiwanyanyua midomo.

"Mnuno wa 'umechelewa' unaanzia shingoni. Mnuno wa 'mama yako amenisema' unaanzia begani. Wewe hapo, huo wako ni wa mtu anayeumwa tumbo! Rudia!"

Msichana alirudia. Alikuwa anaumwa tumbo.

Darasa la pili lilikuwa la wavulana. Mtu aliyefichwa nyuma ya pazia alibamiza sufuria sakafuni, nao walitakiwa kusema kama mke amekasirika, ana habari mbaya, au sufuria imemponyoka. Jibu la tatu halikupata kuwa sahihi hata mara moja. Katika Fahamuni hakuna kitu kinachomponyoka mtu.

Wataalamu wenyewe walikuwa wamegawanyika. Wabamizi walishikilia kwamba moyo wa binadamu uko mlangoni. Wagunaji walisema uko puani. Siku hiyo walikuwa kwenye kongamano, wakijadili kama mlango uliofungwa na upepo unaweza kuhesabiwa kuwa ni hoja ya mwenye nyumba. Walipiga kura. Unaweza.

"Na msichana akipata mimba asiyoitaka?" Sikudhani aliuliza.

Aliambiwa jambo hilo lina kamati yake. Kamati hukaa ikachunguza ni mlango upi uliobamizwa bila kusikika, kisha hupendekeza milango mizito zaidi.

Mwisho alifikishwa kwa Mzee Takadiri, Msomaji Mkuu. Huyu ndiye aliyesoma ishara za posa zote mbele ya watu kila Ijumaa, na posa aliyoisoma haikurudi nyuma. Alikuwa mzee nadhifu, mpole, mwenye miwani mikubwa aliyoivaa hata alipofumba macho.

"Shikamoo, mzee," alisema Sikudhani.

"Marahaba. Umependa chuo chetu. Nimeona jinsi ulivyofuta viatu mlangoni."

"Nilikanyaga kinyesi cha mbuzi. Mzee, naomba kuuliza. Kwa nini msiwaulize tu vijana wanataka nini?"

Mzee Takadiri alitabasamu kama mtu aliyeulizwa na mtoto kwa nini jua halianguki.

"Ukimwuliza mtu anataka nini, umemtukana mara mbili. Kwanza umemwambia humjui. Pili umemlazimisha ajijue, na hiyo ni kazi ngumu, hasa kwa vijana. Sisi tunawapunguzia."

"Nao wakiwa hawataki?"

"Tukiwafundisha neno hilo watalitumia."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Mwalimu," mzee alisema kwa upole uleule, "nchi hii haina matatizo ya mahusiano. Hakuna aliyewahi kulalamika."

Sikudhani alitaka kujibu, lakini aliona jibu lolote litasomwa kwa jinsi atakavyoishika mikono yake. Akainuka akaaga.

Aliporudi nyumbani alikuta vigelegele. Bwana Sudi, aliyekuwa msomaji msaidizi na mwenye hamu ya kupanda cheo, alikuwa amesoma ishara kubwa jikoni kwake mwenyewe. Binti yake Kibibi, mwenye miaka ishirini, aliyemaliza Chuo cha Ishara kwa alama za katikati, alikuwa ameufunika wali kwa mfuniko uliolazwa chali. Kila Mfahamu anajua maana yake: binti ameridhia kuolewa. Na nani? Nalo lilikuwa wazi. Mchana huohuo Badi, kijana fundi bati aliyeleta ndoo, alikuwa amesimama kwenye wigo wao tangu adhuhuri hadi alasiri bila kubandua mguu.

"Mapenzi yaliyoje!" alisema Bi Mwatime. "Jua lote lile! Ijumaa wanasomwa."

Kibibi alikuwa anaosha vyombo. Hakuna aliyemtazama usoni, maana uso si ishara ya kutegemewa. Sikudhani hakuwa amesoma, basi akamtazama usoni.

Alingoja mpaka wakabaki wawili jikoni.

"Kibibi, unamtaka huyo Badi?"

Kijiko kilimponyoka binti. Bi Mwatime alichungulia kutoka uani, akakitazama kilivyoanguka, akatabasamu, akaondoka.

"Umeona, mama mgeni?" Kibibi alinong'ona. "Hata kijiko kimeshasema."

"Kijiko hakiolewi. Nakuuliza wewe."

Binti alifungua pindo la kanga yake, akatoa kidude cheusi, duara, kilichopasuka upande. Kilikuwa kishikio cha mfuniko.

"Kilikatika," alisema, na jasho likamtoka puani kama mtu aliyetukana msikitini. "Mfuniko hauna pa kushika. Nikaugeuza ili niushike ukingoni."

"Mwambie baba yako."

"Hiyo ni kujieleza. Halafu yeye ndiye aliyesoma. Nitakuwa nimesema baba hamjui mwanawe."

"Hakujui."

"Najua hanijui!" Akajiziba mdomo kwa mkono wenye sabuni.

Sikudhani alimpa kitambaa ajifute. "Badi umemkosea nini, au yeye amekukosea nini?"

"Simjui hata. Alileta ndoo, nikasema ahsante."

"Basi unataka nini?"

Kibibi alifikiri kwa muda mrefu, hata povu likaisha kwenye karai. "Sijawahi kuulizwa," alisema. "Sijui. Ila hili la Ijumaa najua kwamba si... si..."

Neno liligoma. Sikudhani aliliona likifika kwenye meno na kurudi.

Alifikiria kusimama yeye Ijumaa amsemee. Mgeni angesamehewa, kama wanavyosamehewa watoto wachanga. Lakini kumsemea aliona ni kumsoma tu kwa sauti kubwa. Akabandika birika.

"Kaa hapa. Unataka chai?"

Kibibi alipokea kikombe, akanywa.

"Nyingine?"

Akapokea, akanywa. Akaendelea kupokea na kunywa, uso umekunjamana, mpaka tumbo likawa linacheza kama kibuyu cha maji kila alipojisogeza.

"Mwanangu, utapasuka. Sema neno."

"Si..."

"Kikombe kingine hiki hapa. Nakijaza."

"Sitaki!"

Paka alikimbia. Wote wawili walitazama mlango. Hakuna aliyekuja.

"Tena," alisema Sikudhani. "Sasa mimi ndiye msumbufu. Kidogo tu jamani, kwa ajili yangu."

"Sitaki."

"Wenzako wote wanakunywa."

"Wao... wao wanywe. Mimi sitaki."

"Kumbe unanidharau?"

Hapo Kibibi alikwama, akakinyooshea mkono kikombe. Sikudhani alimpiga kofi dogo mkononi. "Huo ndio mtego wenyewe! Mtu akikosa sababu ya kukufanya utake, anakufanya uone haya. Jibu."

"Sikudharau. Chai sitaki."

"Safi. Sasa zamu yangu. Nipe hiyo chai."

Kibibi alimpa. "Sitaki," alisema Sikudhani. "Unafanyaje?"

"Nanuna," alijibu binti mara moja, na mnuno ulikuwa mzuri, umeanzia begani.

"La! Nani kakufundisha? Unasema 'sawa', unaweka kikombe chini, dunia inaendelea. Anayeweza kusema sitaki na hawezi kuambiwa sitaki amesoma nusu ya somo."

Walifanya hivyo kila walipobaki wenyewe, kwa chai, kwa mafuta ya nywele, kwa viazi. Bi Mwatime aliona chai inavyokwisha akasoma kwamba bi harusi anajipa nguvu.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Badi alikaa mstari wa mbele, kijana mrefu, suruali imetiwa kiraka pajani, na plasta imetuna chini yake. Mzee Takadiri alisimama, mbele yake sufuria na ule mfuniko wake juu ya mto wa hariri. Bwana Sudi alisimama kando, kifua mbele.

"Mfuniko huu," alianza Msomaji Mkuu, "umelala chali, kama moyo uliofunguliwa..."

"Sitaki," alisema Kibibi.

Kwanza ilikuwa kama hakuna aliyesikia. Kisha akina mama waliziba masikio ya watoto, mzee mmoja alizimia kwa uangalifu juu ya mkeka, na Bwana Sudi akawa rangi ya majivu. Mzee Takadiri hakutetereka. Aliinua kidole.

"Mmesikia alivyovuta pumzi kabla ya neno? Pumzi ile ni ya ndiyo. Neno lenyewe ni haya ya mwanamwali tu."

"Sitaki. Kishikio kilikatika." Akakiinua juu kila mtu akione.

"Binti," alisema mzee, akishusha sauti, "kidogo tu. Kwa ajili ya baba yako."

Kibibi alimtazama Sikudhani, na kona ya mdomo wake ikacheza.

"Wenzako wote wameolewa hivi!" sauti ilitoka nyuma.

"Wao waolewe," alijibu Kibibi. "Mimi hili sitaki."

"Kumbe unanidharau?" Hii ilikuwa ya baba yake, na haikuwa sauti ya mtego. Ilikuwa imepasuka upande, kama kile kishikio.

Sikudhani alikaza mikono yake mapajani asiinuke.

"Sikudharau, baba," alisema Kibibi. "Nakupenda. Lakini hukuniuliza."

Ukumbi ulikuwa unatafuta pa kutazama. Hapo Badi akasimama, kiraka na plasta na vyote.

"Jamani, kasema hataki. Na mimi siku ile nilinaswa na waya wa wigo. Ulipita suruali ukaingia kwenye nyama. Niliona haya kuita msaada."

"Saa zote zile?" mtu aliuliza.

"Nilikuwa natumaini mtasoma."

Hukumu ilitoka kabla ya swala. Kujieleza kwa Kibibi, kujieleza kwa Badi, na kuchochea kujieleza kwa mgeni, ambaye angefukuzwa nchini akimaliza adhabu. Posa yenyewe haikufutwa wala kuthibitishwa. Mzee Takadiri aliiundia kamati ya kuchunguza maana ya ndani ya neno "sitaki". Inasemekana bado inakutana.

Adhabu ilikuwa benchi la waropokaji, katikati ya soko. Walioketi hapo walifungwa shingoni vitambaa vya kukingia mate vya watoto, vilivyotariziwa bata, kwa sababu mtoto mchanga peke yake ndiye anayepiga kelele akitaka kitu. Watatu hao walikaa na bata wao, na soko likajaa kuliko siku ya sikukuu. Watu waligusagusa vitunguu bila kununua, masikio yamesimama.

Baadaye Bi Mwatime alikuja. Alisimama mbele ya binti yake, akafungua mdomo, akaufunga. Sikudhani alijitayarisha kwa matusi.

"Sipendi samaki wa kukaanga," alisema Bi Mwatime.

Benchi lote lilimgeukia.

"Sipendi hata harufu yake. Sijawahi kumpenda. Nilikuwa nakula taratibu ili nisitapike." Machozi yalimtiririka, lakini alikuwa anacheka. "Napenda dagaa! Dagaa wa nazi, jamani!"

"Sogea, Kibibi, mama yako akae," alisema Sikudhani.

Bi Mwatime alikaa bila hukumu na bila kitambaa, akahema kama aliyevua viatu vinavyobana. Upande wa pili wa soko, Bwana Sudi alikuwa amesimama kwenye meza za samaki, amekishika kikapu, hatoi wala haweki. Alimtazama mkewe. Kisha aliuliza kitu kwa muuza dagaa, kwa sauti ya chini sana, akitazama chini.

Badi alijikuna paja. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi tangu asubuhi akichezea ncha ya bata wake.

"Kile kishikio," alimwambia Kibibi. "Unacho bado?"

Kibibi alikitoa kwenye pindo la kanga, akampa. Badi alikigeuzageuza kwa jicho la ufundi.

"Hiki hakishikiki tena. Ninaweza kukutilia kingine cha bati, na msumari wa kupindwa ndani. Unataka?"

Muuza vitunguu aliacha kupima. Mzee Takadiri, aliyekuwa akipita na wanafunzi wake, alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaanza kutafuta mikono ya binti iko wapi, miguu imeelekea wapi, kanga imeangukia bega lipi. Wanafunzi walishika kalamu.

Kibibi hakuharakisha. Alifikiri kama alivyofikiri siku ile kwenye karai, ila safari hii povu halikumhusu.

"Nataka," alisema. Halafu akaongeza: "Kishikio tu."

"Sawa," alisema Badi, akakitia kile kilichovunjika mfukoni, apate kipimo. "Kishikio tu."